Mke Mwenza wa Matofali

Juzi nilirudi Nchelenge, kando ya ziwa, nikapita mahali ambapo nyumba ilikuwa ikipakwa chokaa. Harufu ile mbichi ilinisimamisha, ewe mwenzangu msomaji, kwa maana ndiyo iliyokuwa harufu ya babu yangu katika miaka ya sabini.

Babu alikuwa mwashi, na kanisa la kale la mtaa wetu wa Kashikishi, ambalo kuta zake nyeupe wavuvi walizilenga watokapo kisiwani Chisenga, lilikuwa mikononi mwake. Kila Jumamosi alilizibia nyufa. Nyumba yetu, kwa upande wake, ilivuja. Nyanya alitega masufuria sakafuni, akasema ameolewa ukewenza na matofali. Sisi tulicheka. Yeye hakucheka.

Msimu mmoja mvua ililainisha misingi, na adhuhuri moja kanisa likaporomoka, likiwa tupu. Mwambao mzima uliweka matanga. Watu walivuka ziwa na kuni na samaki, wakaketi mikekani kukielekea kifusi, wakaomboleza kana kwamba mbele yao palikuwa na maiti. Babu aliketi mahali pa mfiwa, akipokea pole. Nyanya alisonga ugali wa muhogo, macho makavu.

Jirani yetu, mama mchuuzi wa samaki kutoka upande wa Kongo, alimtania kwa Kiswahili chao cha sokoni: "Mama, juu ya nini haulie? Bibi mwenzako alishakufa."

"Wakati alikuwa muzima njo nililia," nyanya akajibu pasipo kugeuka. "Leo ninapika tu. Umuite mwenye kufiwa akuye kula."

Mfiwa hakuja.

Matanga yalipoanuliwa, babu alirejea, sasa wa nyanya peke yake. Aliziba paa letu kwa siku moja, kazi safi. Nyanya alivaa kitenge kipya, akampakulia chisense, vile vidagaa alivyovipenda; naye akala kwa adabu ya mgeni. Jumamosi alitoka na mwiko wake wa uashi, akarudi nao ukiwa mkavu. Akiulizwa anawaza nini, alieleza jinsi ukuta wa mashariki ulivyolipokea jua.

"Aliye hai hugombwa," nyanya alizoea kusema baadaye. "Aliyekufa hana kosa."

Wote wawili wamekwenda, na pale kanisani pamebaki nyasi. Wazee wa Kashikishi wangali wakililia jengo lao, nami nikiwasikiliza wivu wa nyanya hunipanda kifuani: hawajui kwamba lilimnyang'anya mume mara mbili, na mara ya pili halikuwa hata limesimama.