Karte Jone ya Papa Mukaba

Jumapili, tarehe 11 Juni 2023. Ukungu ulilala juu ya ziwa mpaka jua lilipopanda, kisha ukanyanyuka taratibu kama mtu aliyeamshwa bila kutaka. Mvua ilikuwa imekwisha kuaga, na vumbi la kiangazi lilikuwa limeanza kushika migomba ya kandokando ya barabara ya Kamembe, Rwanda.

Osée Ntabaza alikuwa ameosha gari lake tangu jana yake jioni, lakini asubuhi hiyo aliliosha tena. Ilikuwa Corolla nyeupe aliyoifanyia teksi miaka mingi, Kamembe hadi Bugarama, Kamembe hadi Nyakarenzo, popote abiria alipotaka kwenda. Siku hiyo haikuwa teksi. Divine, binti yake wa pekee, alikuwa anaolewa Bukavu, nchi ya jirani, ng'ambo ya mto, na kijana aitwaye Néhémie. Familia zote mbili ni za Kiadventisti, Jumamosi ni Sabato yao, ndiyo maana harusi iliangukia Jumapili. Na Osée alikuwa amemwahidi binti yake, zamani sana, kwamba siku hiyo hakuna mtu mwingine atakayempeleka ila yeye mwenyewe, kwa gari lake mwenyewe.

Kwenye parkingi ya Kamembe hakuna anayemwita Osée. Wanamwita Papa Mukaba, yaani baba mkanda, kwa sababu hajawahi kung'oa gari kabla kila aliyemo hajafunga mkanda. Awe na haraka, awe mkubwa wa ofisi, awe mchungaji. Osée atazima injini, ataweka mikono juu ya magoti, na kusubiri. "Mi siko na haraka ya kuzika muntu," husema, bila kupandisha sauti. Kwenye buti ana kizimamoto, ana pembetatu mbili za kuweka barabarani gari likiharibika, na ana sanduku la dawa ambalo plasta zake huzibadilisha kabla hazijakauka gundi.

Divine alikua ndani ya tahadhari hiyo. Alipokuwa mwanafunzi wa bweni, wenzake walipanda pikipiki na kofia yoyote waliyopewa na dereva, ile iliyokwisha kuvaliwa na nusu ya wilaya. Divine alikuwa na yake. Osée alimnunulia, akamkatia kamba ya kidevu ikamkaa sawasawa, akamwambia kofia isiyofungwa ni sufuria tu kichwani. Shule nzima ikamwita Kaski, yaani hiyo kofia ya pikipiki. Alirudi nyumbani likizo moja analia kwa sababu ya jina hilo, na ndipo baba yake alipotoa ile ahadi: "Nyamaza. Siku ya kuolewa kwako hautapanda pikipiki ya muntu. Mi mwenyewe nitakupeleka na gari yangu mpaka ku mulango ya kanisa."

Kwa hiyo alikuwa amejiandaa. Wiki mbili kabla ya harusi alikutana na Dominique, wakala wa bima aliyemkatia bima ya teksi kila mwaka. Dominique alisikia habari za Bukavu akamuuliza, "Papa Osée, na karte jone, ile ya njano? Uko nayo?"

"Niko nayo tangu zamani," Osée akajibu, karibu aone ameulizwa kama ana viatu. "Hata Maman Divine iko na yake."

Dominique akatazama juu kama anayepiga hesabu, kisha akasema, "Basi muko sawa." Wakaachana.

Sasa, asubuhi ya harusi, Osée alikuwa anapanga mizigo kwenye buti, na mkewe Marguerite amesimama nyuma yake katika kitenge kipya, mikono kiunoni.

"Papa Divine. Ile kintu nyekundu ni nini?"

"Ni zawadi ya batoto."

"Kizimamoto?"

"Kizimamoto ya jikoni. Bataanza kupika na gazi. Nimeweka na mupira ya gazi mupya, juu ile banauzaka pamoja na chupa ya gazi inapasukaka upesi."

Marguerite akamgeukia dada yake, mama mdogo wa bi harusi, aliyekuwa anashika shela. "Dada, njoo uone. Bazazi bengine banapeleka sahani, banapeleka mashuka. Bwana yangu anapeleka moto ku harusi!"

"Anapeleka maji," mama mdogo akasema.

"Sijaona muntu alikufa juu ya kukosa sahani," Osée akajibu, akafunga buti.

Divine alitoka ndani akiwa na gauni jeupe lililojaa mlango mzima. Alipoingia kwenye kiti cha mbele ilibidi wawili wasukume na mmoja avute. Osée akakaa kwenye usukani, akaweka mikono juu ya magoti, akasubiri.

"Papa," Divine akasema, akiutafuta mkanda chini ya kitambaa chote kile, "na kaski je? Niiweke juu ya shela ao chini?"

Mama yake na mama mdogo wakacheka nyuma. Osée alingoja mpaka mkanda ulipofungwa, kisha akawasha gari.

Mpaka hauko mbali na Kamembe. Barabara inashuka kwa kona hadi mtoni, na Bukavu inakuwa mbele yako muda wote, nyumba juu ya nyumba, karibu uweze kuhesabu nguo zilizoanikwa. Watu wa Kamembe huvuka kwa miguu kama wanaokwenda kwa jirani. Osée mwenyewe alizaliwa ng'ambo ile, akakulia huko kabla wazazi wake hawajarudi Rwanda, na amevuka daraja lile mara nyingi kuliko anavyoweza kukumbuka. Lakini daima kwa miguu. Gari lake halikuwahi kuvuka.

Kwenye kizuizi cha mpakani, afisa mmoja, binti wa rika la Divine, aliinama dirishani, akaona shela, akatabasamu.

"Hongera sana, Mzee. Karte jone, tafadhali."

Osée aliingiza mkono kwenye koti, akatoa kijitabu cha njano alichokifunika kwa nailoni, akampa kwa mikono miwili.

Afisa akakifungua. Akakigeuza. Akakisoma tena, na midomo yake ikaanza kumsumbua kwa kicheko.

"Mzee, hii ni ya chanjo."

"Ndiyo. Ya homa ya manjano. Haijaisha."

"Hii inakulinda wewe na mbu, Mzee. Mi nauliza ile inalinda batu na gari yako."

Miaka yote, pale darajani, karte jone ilikuwa kitu kimoja tu: kile kijitabu ambacho watu wa afya humuuliza mwenda kwa miguu. Osée hakujua kwamba wenye magari wana karte jone yao, kadi ya njano ya bima inayovuka mpaka pamoja na gari. Kwamba bima yake nzuri ya kila mwaka, aliyoilipia bila kuchelewa hata siku moja, ilikuwa inafika mtoni na kusimama pale pale, kama mbuzi aliyefika mwisho wa kamba.

"Hata mi niko na yangu," Marguerite akasema taratibu, kisha kicheko kikamponyoka, akauficha uso kwenye bega la dada yake.

Osée alisogeza gari pembeni. Kibanda cha bima cha pale mpakani kilikuwa na kufuli, Jumapili. Akampigia Dominique, naye akapokea akiwa Gitambi kwa wakwe zake, kuku wanasikika kwenye simu.

"Eh! Papa Osée! Si nilikuuliza? Ukasema unayo, hata Maman iko na yake. Mi nikabaki najiuliza, kumbe Maman amenunua gari lini?"

"Unaweza kunitengenezea sasa?"

"Mashine iko ofisini, na funguo ya ofisi iko Kamembe. Kesho asubuhi, ya kwanza. Nisamehe, Papa. Rangi ndiyo imetudanganya."

Ng'ambo ya daraja, ndugu za Néhémie walikuwa wamekwisha kufika na gari lao lenye maua. Waliweza kuonekana wakipunga mikono. Osée aliona ahadi yake imesimama mtoni pamoja na bima yake.

Wakati huo huo Corolla nyingine nyeupe ikatokea Bukavu, ikasimama kando yao. Alikuwa Vénuste, dereva mwenzake wa parkingi, mtu wa utani mwingi, ambaye huvuka na abiria kila wiki na mikanda yake ya nyuma imepotea chini ya kava za viti tangu Noeli. Alipoambiwa kisa, aliushikilia mlango asianguke kwa kicheko.

"Papa Mukaba! Wewe! Mwenye unapimaka plasta! Leo umekamatwa na mbu!"

"Cheka uishe, Vénuste."

Vénuste akamaliza kucheka, akafuta macho, na roho yake nzuri ikarudi. Akachomoa karatasi ya njano kwenye gari lake, akainamia sikio la Osée. "Mzee, chukua yangu. Zunguka, ngojea zamu ya afisa mwingine. Corolla nyeupe na Corolla nyeupe. Leo Jumapili, iko bibi-arusi ndani, nani atasoma namba ya plaki? Unaenda, unarudi, unanirudishia. Bukavu iko pale, unaweza kuitupia jiwe."

Osée aliitazama ile karatasi. Mtu asidhani hakuitaka. Mkono wake ulikwisha kutoka kwenye usukani. Alimtazama Divine, aliyeshika maua yake wima kama mwanafunzi anayeshika mshumaa, na akakumbuka likizo ile, na machozi yale, na jina la Kaski. Karatasi moja tu, nusu saa tu.

Kisha akatazama mbele, kule ambako barabara ya Bukavu inaanza kupanda, watu wanashuka na mabeseni vichwani, watoto wanakatiza kati ya magari.

"Hapana," akasema.

"Mzee, utaendesha polepole, hautagonga muntu."

"Mi najua. Sikiliza, Vénuste. Mukaba ni yangu mi na batu yangu. Asiransi, ile bima, ni ya muntu yenye sijamujua. Iko anatembea kule, hata jina yake siijue. Nikimugonga na karatasi ya gari yako, nani atamulipia hospitali? Mi nitamwambia nini, nilikuwa na harusi?"

Vénuste akarudisha karatasi garini mwake. "Basi na mi nitatafuta mikaba yangu kesho. Unanitia haya mbele ya bibi-arusi."

Osée alizunguka gari, akamfungulia Divine mlango. "Mwanangu, nilikuambia kwa gari. Nimekosa."

Divine alifungua mkanda wake, akakusanya gauni kwa mkono mmoja, na mwingine akaupitisha kwenye kiwiko cha baba yake. "Ulisema utanipeleka wewe mwenyewe," akasema. "Mi naona ni wewe."

Wakavuka kwa miguu. Marguerite na dada yake walishika mkia wa gauni usiguse vumbi. Mama wauzaji waliokuwa wanatoka ng'ambo walisimama, wakashusha mabeseni, na mmoja wao akapaza sauti, "Papa! Gari imezima?"

"Haikuzima. Imekosa chanjo," Marguerite akajibu kabla ya mumewe, na wale mama, bila kuelewa lolote, wakapiga vigelegele ambavyo vilijaza daraja lote. Osée alitembea pole kuliko siku zote. Mto ulikuwa unapita chini yao, mwembamba na wenye haraka, na hakuna aliyemhimiza. Upande wa pili gari lenye maua likawapeleka kanisani, Osée akiwa kando ya binti yake. Baadaye Divine alisema kwamba kwa gari wangevuka kabla hajakumbuka kutazama.

Kizimamoto kilibaki kwenye buti, kwa sababu hakuna aliyekubali kukibeba mbele ya wakwe.

Kesho yake, Jumatatu, Osée alikuwa mlangoni kwa Dominique kabla ya Dominique. Alipokabidhiwa kadi ya njano aliisoma yote, mbele na nyuma, akalinganisha namba ya plaki herufi kwa herufi, kisha akaiweka kwenye nailoni ile ile ya kijitabu cha chanjo, viwili pamoja. Akashuka hadi mtoni. Afisa wa jana alikuwepo; aliitazama kadi, akamsalimu kama jamaa, akainua kizuizi. Corolla ikavuka.

Nyumbani kwa maharusi alikuta wamekwisha kuwasha jiko kwa mpira wa gesi wa zamani. Akauzima moto, akabadilisha mpira, akaomba sabuni na maji kidogo, akapaka povu kwenye viungo vyote na kuinama karibu, akingoja kuona kama pana mapovu yatakayotokea, dalili ya gesi kuvuja. Hayakutokea. Akakitundika kizimamoto karibu na mlango, si juu ya jiko, akamweleza Néhémie sababu: moto ukishika jiko, hutaweza kukifikia. Akanywa chai.

Divine alikuwa anataka kwenda Kadutu sokoni kutafuta unga na mboga. Akatoka na kikapu, akaingia kiti cha mbele. Osée aliweka mikono yake juu ya magoti, akasikia mkanda unafungwa kabla hajasubiri, akawasha gari.