Matumba Sita ya Waridi la Habuba

Nilipokuwa mtoto wa miaka tisa, hapa hapa mtaani Bukoto, kidole changu cha shahada kilihesabiwa kuwa kitu cha hatari. Sikuruhusiwa kukielekeza kwenye boga changa, wala kwa paka mwenye mimba, na zaidi ya yote sikuruhusiwa kukielekeza kwenye tumba la waridi ambalo halijafunguka. Tumba likinyooshewa kidole, alisema bibi yangu, linaona haya, linainamisha kichwa na kufa. Ukitaka kulionyesha, unakunja kidole na kuonyesha kwa kifundo chake. Nyumba nzima tulionyesha vitu kwa vifundo, na wageni wakadhani tuna ugonjwa wa mikono.

Bibi tulimwita Habuba, kama Wanubi wengine wanavyowaita bibi zao. Waridi lake lilikuwa la kutambaa, la pinki iliyofifia mpaka karibu kuwa nyeupe. Lilipanda nguzo ya baraza, likapita juu ya mlango na kuteremkia upande wa dirisha la jikoni. Alililisha samadi ya mbuzi na majani ya chai yaliyokwisha kutumika, na kila Jumamosi alilinyunyizia maji ya sabuni kufukuza wadudu, jani kwa jani. Sisi wajukuu wake hatukuogeshwa kwa uangalifu ule.

Lakini hakulipanda yeye. Aliyelipanda ni jirani yetu Mama Auma, Mjaluo wa Kisumu aliyeuza mitumba sokoni Kamwokya. Alikuja siku moja na kijiti chenye urefu wa kalamu, akakichomeka chini ya nguzo na kukifunika kwa chupa ya plastiki iliyokatwa. Kilipoanza kurefuka, ni yeye aliyemfundisha Habuba kukilaza.

"Mama, ukiiacha iende juu tu, itakupa majani," alisema. "Ilaze kando, uifunge pole pole. Hapo ndiyo inatoa maua."

Habuba alifunga matawi kwa kamba za mgomba, na mwaka uliofuata mlango wetu ukajaa maua. Tangu hapo, kila Ijumaa jioni Mama Auma alipita kwetu, akavua viatu, wakanywa chai ya tangawizi barazani, Mwislamu na Mkristo, wakicheka mambo ambayo sisi tulifukuzwa tusiyasikie. Habuba alikuwa mjane na binti zake wote walikuwa wameolewa mbali. Wiki yake nzima ilikuwa ikiisubiri Ijumaa hiyo.

Mimi sikuwa mtoto mbaya, nilikuwa mtoto wa kuuliza. Nilitaka kujua tumba linaonaje. Lina macho? Mtu akilinyooshea kidole kwa nyuma, je? Na usiku kwenye giza, je? Nilimuuliza Habuba mpaka akachoka.

"Wewe iko na maswali mingi kuliko polisi," akaniambia.

Basi nikaamua kulipima jambo lenyewe. Nilichagua matumba sita kwenye tawi moja la chini. Matatu niliyanyooshea kidole, moja moja, kwa karibu. Matatu nikayaacha. Ili nisiyachanganye, niliiba uzi wa Habuba wa kutarizi mashuka, wa kijani ili watu wasiuone, nikaufunga kwenye shingo ya kila tumba nililolinyooshea. Niliuzungusha mara nyingi na kukaza fundo kwa meno, upepo usije ukaufungua.

Kesho yake ilikuwa Ijumaa. Mama Auma alipanda ngazi ya baraza, akaliona lile tawi lilivyojaa, akapiga makofi kwa mshangao.

"Bannange! Ona hii! Na hii, na hii!"

Kidole chake kilinyooka kabisa, kikapita kwenye matumba yote sita. Habuba alisimama na birika mkononi.

"Kunja kidole, Mama Auma."

Mama Auma alicheka. "Hii mambo ya boga mumeleta mpaka kwa maua?"

Habuba hakucheka, ila alimimina chai, na siku ikapita.

Wiki haikuisha. Matumba matatu yaliinamisha vichwa, yakageuka kahawia. Nilikwenda kuyakagua nikakuta kila lililokufa lina uzi wangu. Mengine yote yalikuwa yanafunguka vizuri. Nikazikata nyuzi kwa wembe, nikazitia mfukoni, na kwa dakika moja nilifurahi sana, maana jaribio langu lilikuwa limenipa jibu. Kisha nikamsikia Habuba nyuma yangu.

"Ni Mama Auma huyo," alisema. "Nilimwambia, akanicheka."

Nilipaswa kusema hapo hapo. Mama Auma alikuwa ameyanyooshea yote sita, na yaliyokufa ni yale yangu tu, kwa hiyo kosa lilikuwa langu. Mtoto wa miaka tisa anaweza kupiga hesabu hiyo, na niliipiga. Sikusema. Niliogopa kiboko, ndiyo, lakini zaidi niliogopa kwamba kidole changu kweli kinaua.

Ijumaa iliyofuata Habuba alimpokea Mama Auma akiwa amesimama mlangoni. Hakumtukana. Alimuuliza habari za watoto, za soko, za watu wa Kisumu, kwa adabu zote, na hakumwambia keti. Mama Auma alisubiri kidogo, akaaga. Ijumaa ya pili ikawa vile vile. Ya tatu hakuja. Habuba alichemsha chai ya watu wawili kama kawaida, akanywa kikombe kimoja, kingine akakiacha mpaka kikapoa.

Hapo nikashindwa.

"Habuba, ni mimi," nikasema huku nalia. "Nilinyoosha kidole. Nilitaka kujua."

Nilingoja kiboko, hakikuja. Alijitanda mtandio wake, akanishika mkono tukavuka barabara.

Mama Auma alitusikiliza akiwa mlangoni kwake. Mimi nilitegemea atacheka.

"Kidole?" alisema kwa hasira. "Mama, wiki mbili silali. Nilifikiri ni kwa sababu mimi si Mwislamu. Nilifikiri watu wamekuambia usikule na mimi. Kumbe ni kidole?"

Habuba, ambaye sikuwahi kumwona akimwomba mtu radhi, alimshika mikono yote miwili. "Nisamehe, binti yangu," akasema. Walilia wote wawili, nami nikalia pembeni bila mtu wa kunibembeleza, jambo ambalo nililistahili.

Ijumaa iliyofuata Mama Auma alirudi barazani. Kicheko kilichelewa kidogo, lakini nacho kilirudi.

Habuba alishafariki. Mama Auma yuko Kisumu na wajukuu zake, na waridi nalitunza mimi, samadi na sabuni na yote. Mwaka jana nilikuwa nalaza tawi changa, na kwa haraka zangu nikalifunga kwa uzi wa nailoni, nikaukaza. Siku chache baadaye sehemu ya juu ya fundo ilikuwa imenyauka, na ya chini bado ni kijani. Nikasimama na mkasi mkononi nikiiangalia ile shingo iliyobanwa. Yale matumba yangu matatu hayakuona haya yoyote. Niliyanyonga.

Nilicheka peke yangu, kisha nikampigia Mama Auma simu nikidhani tutacheka pamoja. Nilimweleza habari ya uzi tangu mwanzo. Hakucheka.

"Kwa hiyo kidole changu haikuwa na kitu?"

"Hakikuwa na kitu, Mama. Wala changu."

"Hapa niko na waridi nne," akasema. "Mjukuu akinyoosha kidole, namchapa mkono. Najua ni upuzi. Lakini tangu ile wakati sijanyoosha. Sikutaka tena mtu anisimamishe kwa mlango."

Nilimwomba radhi, akaniambia nilikuwa mtoto, tukaongea habari za mvua.

Maisha yangu yote nimejisifu kwamba nilikuwa mtoto wa kuuliza, asiyemeza kila alichoambiwa. Bado najisifu kidogo. Ila zile wiki mbili, ng'ambo ya barabara yetu, kulikuwa na mwanamke asiyepata usingizi akijiuliza amekosa nini, na katika Bukoto nzima mwenye jibu nilikuwa mimi.