Bendi Tano Nilizozipa Umilele

Kwa miaka mingi niliamini kwamba Muleba nzima hakuna mtu anayeujua muziki wa roki kunizidi. Imani hiyo ilikuwa na msingi: sikuwahi kukutana na mwingine anayeusikiliza. Ukikimbia peke yako, hata ukitambaa unashika namba moja.

Nilikuwa mwalimu wa jiografia, sasa nimestaafu. Kanda zangu kumi na nane niliachiwa na fundi mmoja Mzungu aliyekuja kufunga mashine ya maji kwenye misheni yetu ya Kilutheri. Nilizisikiliza kwa redio kaseti niliyorithi kwa baba, na kila bendi niliiandikia hukumu daftarini: "Ikumbukwe milele" au "Isahaulike". Hakuna aliyeniomba. Mke wangu alikuwa akilalamika kwamba hata kanda ya kwaya yetu, ikipigwa kwenye redio ile, inaimba kama iko msibani. Nilimjibu kwamba kwaya za siku hizi hazina uhai. Watoto waliponiambia nyimbo zangu zote ziko kwenye simu, nilisema simu ni ya kutumiana picha za wajukuu, muziki wa kweli uko kwenye kanda.

Mwaka jana akanipigia mtangazaji wa redio moja ya Bukoba. Nilimfundisha kidato cha pili.

"Shikamoo Mwalimu. Lile daftari la bendi bado unalo?"

"Marahaba. Ninalo."

"Basi njoo Jumamosi asubuhi utuchagulie bendi tano za zamani, za roki na metali, zinazostahili kukumbukwa milele."

Nilivaa suti niliyoozeshea binti yangu.

"Unakwenda redioni," mke wangu aliniambia, "nani atakuona?"

"Mtu akivaa vizuri, hata sauti inakaa sawa."

Studio ilikuwa chumba kidogo chenye joto. Nilianza na namba tano nikapanda, na njiani nilizikanyaga bendi ambazo hazikunikosea lolote. Moja niliiita bendi ya kubembelezea watoto. Nilipofika namba moja nikasogeza kiti.

"Hawa hawana haraka," nikasema. "Wanakwenda kama ng'ombe wa pembe ndefu anayepanda kilima. Na mwimbaji wao ana sauti nzito, kama mtu anayeongea kutoka chini ya kisima. Uzito ule ndio unaowapa umilele."

"Hebu tuwasikilize," akasema mtangazaji. Fundi mitambo alikuwa ameshautoa wimbo mtandaoni.

Kilichotoka kilikuwa mvua ya mawe juu ya bati. Ngoma zilikimbia, magitaa yakazifukuza, na juu yake ikapanda sauti nyembamba ya mwanamume aliyekanyaga siafu. Nilinyoosha mkono.

"Samahani, mmeweka wimbo mwingine."

Fundi akanigeuzia kompyuta. Jina la bendi lilikuwa lilelile, na la wimbo pia.

"Basi mmeuharakisha."

"Hapana, Mwalimu. Huu ndio mwendo wake."

Simu ikaita. Msikilizaji alijitambulisha kuwa mzee wa Maruku, mstaafu wa kituo cha utafiti wa kahawa na migomba. Alizungumza taratibu, kama daktari.

"Mwalimu, redio yako ina umri gani?"

"Ilikuwa ya marehemu baba."

"Kile kimpira cha ndani kinachozungusha kanda, umewahi kukibadilisha?"

"Kwani kinabadilishwa?"

"Kikilegea, kanda inakwenda polepole na sauti inakuwa nzito. Na hizo bendi nne nyingine, ulizihukumu kwa redio hiyohiyo?"

"Ndiyo," nikasema.

Mtangazaji alizima maikrofoni yake ili acheke. Yangu hakuizima, kwa hiyo kicheko chake kilipita kwangu, kikafika mkoa mzima.

Nyumbani nilikuta ndizi mezani. Mke wangu hakunicheka. Alisubiri nimalize kula. Kisha alicheka mpaka akashika mlango, akatoka nje kumsimulia jirani, ambaye alikuwa amesikia mwenyewe.

Wiki iliyofuata nilijifunza kutumia simu. Nilivaa spika za masikioni nikashinda kibanjani, shamba letu la nyumbani, nikikata majani makavu ya migomba, huku nikisikiliza upya miaka thelathini ya hukumu zangu. Bendi yangu ya namba moja nilijaribu kuipenda kwa siku tatu, nikashindwa. Ile bendi ya kubembelezea watoto ilinisimamisha katikati ya migomba, panga mkononi, mpaka gitaa lilipomaliza kusema. Niliona aibu ya kweli. Wale watu walipiga kwa nguvu zao zote, nami kwa ukali wote wa mwalimu nikawaandikia "Isahaulike".

Nikaomba namba ya yule mzee, nikapanda basi hadi Bukoba, kisha bodaboda hadi Maruku. Nilimkuta akianika kahawa. Aliniambia kwamba ujanani alipelekwa Ulaya kusomea magonjwa ya mibuni, na huko aliziona bendi mbili kati ya zangu kwa macho yake, amesimama kwenye tope na koti la kuazima.

"Na hukuwahi kumwambia mtu?" nikamuuliza.

"Nani? Mke wangu anaimba kwaya ya Kikatoliki. Angeniitia padri."

Nilidhani tungekubaliana juu ya kila kitu. Kabla chai haijapoa tulikuwa tumegombana. Mimi nilisema bendi iliyopiga vizuri miaka miwili ikaharibika thelathini bado inastahili kukumbukwa kwa ile miwili.

"Mbuni ukizaa vizuri misimu miwili tu," akasema, "utauacha shambani?"

"Mzee, muziki si kahawa."

"Hayo ni maneno ya mtu asiyejua kahawa."

Nilitaka kumjibu kwamba nina mibuni yangu, nikakumbuka ilivyo, nikanywa chai.

Sasa naenda kwake mara moja kwa mwezi. Tunaandika orodha upya, penseli moja, kila mmoja akifuta ya mwenzake. Mpaka leo tumekubaliana bendi moja tu, na hata hiyo yeye anasisitiza kwamba mpiga ngoma wao alikuwa mvivu.