Kizingiti Juu ya Kuba la Kale

Tajmina alikuwa amekaa pale pale ulipokuwa mlango wa nyumba yake, na hakuonyesha dalili ya kuondoka. Nyumba yenyewe haikuwapo tena. Watu wa mambo ya kale waliwahamisha wakazi wote wa kilima kile, wakachimba, na chini ya jiko lake likatokea kuba la mawe la Wabudha wa zamani, kichwa kimekatika, ngazi zake bado nzima. Wageni wakaja kulipiga picha. Yeye akapewa nyumba ya saruji ng'ambo ya mto, na kila alasiri aliikimbia.

"Shangazi, tunafunga," alisema Amirzada, mlinzi, mtu wa wilaya jirani ya Dir, aliyekuwa mgeni huku kwetu bonde la Swat. "Na kesho wanaweka uzio. Hutakaa tena hapa."

"Mume wangu akirudi je? Atabisha wapi?"

Mumewe alikwenda kuchimba makaa ya mawe mbali kusini, Balochistan, simu ikazimika, na watu walishamhesabu marehemu. Tajmina alikataa katakata. Alimtaka mumewe, basi. Alikitamani hata kikohozi chake cha alfajiri.

"Niachie jina lake. Akija nitamvusha mto mwenyewe."

Tajmina akavuta shela mdomoni. Kwetu mke hamtaji mumewe kwa jina. Atasema baba fulani, au atakohoa tu.

"Ni yule... wa nyumbani."

"Wa nyumbani ndiyo nani? Baba nani?"

"Hatukujaliwa mtoto."

"Haya, yukoje?"

"Mrefu. Ana masharubu."

"Hata mimi ninayo, shangazi. Nijilete kwako?"

"Na hilo tumbo? Nani ataweza kukulisha?"

Wakacheka, kisha kicheko kikakatika. Majirani ambao wangelitaja jina hilo kwa niaba yake walishatawanyika. Angenyamaza leo, mumewe angefika, ayazunguke mawe yale, aambiwe hapakai mtu, ageuze arudi alikotoka. Wazo hilo lilimuuma kuliko aibu.

"Bakht Rawan," alinong'ona.

"Sijasikia."

"Bakht Rawan." Safari hii alisema kwa sauti, machozi yakimtoka.

"Nimelishika, shangazi. Twende sasa."

Tajmina hakuinuka. Tangu aolewe hakuwahi kujua jina hilo lilivyo tamu mdomoni. Akalisema tena, bila kuulizwa, ameelekeza uso barabarani, kama anayemwita mtu aje kula.