Rear track tuliyoichagua kwa ajili ya lami, na kona ya Mgeta iliyomchukua mdogo wangu

Wakuu, heshima zenu. Wale wazee wa "hii chai", mnaoona kila kisa ni cha kutunga, leo naomba mpite kimya kimya. Nimezika, sina nguvu ya kubishana.

Mimi na mdogo wangu Beka tulikuwa tunaunda gari la spoti uani kwetu, Morogoro mjini. Chasisi tulichomelea wenyewe. Mimi ni fundi wa kuchomelea, yeye alikuwa dereva, na hilo gari alikuwa analiwaza akila, akilala.

Mbele tulifunga miguu, yaani tairi na vyuma vinavyozishika, ya kigari kidogo cha Kijapani. Nyuma tukapata ekseli nzima ya pikapu.

Hapo ndipo rear track ikaleta maneno. Kwa asiyejua, ni umbali wa kutoka katikati ya tairi ya kushoto hadi katikati ya tairi ya kulia. Yetu ya nyuma iliizidi ya mbele karibu kiganja kizima kila upande.

Mimi nilitaka tuikate ekseli na kuiunga upya, ilingane na mbele. Beka akagoma.

"Bro, ekseli ya kuunga ikikatika kwenye spidi nani ataniokota? Iache hivyo hivyo. Spoti nyuma lazima lijiachie bwana."

Kwenye kukatika alikuwa na hoja. Nimeshaziona zikikatika. Nikakubali ibaki.

Na kwenye lami alinifunga mdomo. Tulilipeleka barabara ya Dodoma mpaka Dakawa, limetulia kabisa, mkia hautikisiki. Beka alicheka mpaka machozi. Sijawahi kumwona na furaha ile.

Kisha mjomba akapiga simu kutoka Mgeta, milimani.

Sisi ni Waluguru, na katika ukoo wetu mjomba, kaka yake mama, ndiye mwenye kauli juu ya watoto. Kitu kipya kinapelekwa kwake kwanza akione. Sasa akasikia gari limeshafika Dakawa.

"Wapwa zangu, wenye mashamba ya mpunga huko Dakawa wameliona, mimi ndiyo nitumiwe picha?"

"Shikamoo mjomba. Tusamehe, tunalileta," Beka akajibu. Mama naye anaishi huko huko Mgeta, kwa hiyo hatukuwa na pa kuchomokea. Yaani gari lililoundwa kwa lami, safari yake ya heshima ikawa ya mlimani.

Mvua ilikuwa imenyesha. Waliofika huko wanajua, vile vigari vya kirikuu vinavyobeba mboga vimechimba mifereji miwili barabarani. Ukishaingia, unaenda inakokwenda.

Tairi zetu za mbele ziliingia humo bila shida. Za nyuma, kwa upana ule, hazikuenea. Zikawa zinapanda kingo, mara ya huku mara ya kule, na mkia unavutwa kuelekea bondeni.

Kwenye kona moja mbaya nikashuka kumwongoza. Nikasimama mbele ya gari, kama tunavyofanya wote huku, macho kwenye tairi za mbele. Zilikuwa zimekaa sawa.

"Njoo. Njoo. Nyoosha hivyo hivyo. Njoo."

Tairi ya nyuma ya upande wa bonde ilikuwa juu ya ukingo wa matope. Ukingo ukameguka. Mkia ukatangulia, gari zima likafuata.

Nikateremka mbio kumfuata Beka. Watu waliokuwa wanalima bondeni walimfikia kabla yangu, na nilipoona wamesimama tu hawahangaiki nikajua. Nilikuwa na ndugu mmoja tu wa kuzaliwa naye, wakuu.

Mama aliniuliza mara moja tu: "Ungekikata hicho chuma ulivyotaka, mwanangu angekuwepo?"

Nilitoka nje.

Funzo langu ni hili. Mnaounda magari nyumbani, msichague upana wa nyuma kwa kuangalia lami peke yake. Angalieni na njia ya kwenu, ile ambayo mkiitwa hamwezi kukataa. Na anayekuongoza mahali pabaya, mwambie azunguke aangalie na nyuma.

Karibuni mchangie. Mnaojua kwamba ningeikata angepona, semeni, nitasoma yote. Ila kama yupo fundi humu mwenye uhakika kwamba ekseli ya kuunga ingekatika siku ile pale Dakawa, na Beka angekufa vile vile, huyo namwomba aandike wa kwanza. Nataka nikamsomee mama.