Sekela na Bati la Shule

Ipo siku moja ya masika, mwanangu, ambayo kila nikiikumbuka nashukuru kwamba nilizaliwa mdadisi. Nilikuwa bibi harusi mpya, nimetolewa Tunduma kwenye kelele za malori, nikaolewa Ibaba, huku juu kwenye baridi na viazi. Miaka ile biashara ilikuwa imefunguliwa, na kila aliyevuna vizuri alinunua bati. Wazazi wakachanga, shule nayo ikavuliwa nyasi ikaezekwa bati. Siku bati lilipomalizika tulicheza ngoma mpaka miguu ikauma.

Ila wifi yangu Sekela, kitinda mimba wa mama mkwe wangu, tangu bati lile lipande juu, mvua ikianza tu anachomoka darasani mbio. Alikuwa mtoto wa namna yake. Ukimsalimu, macho yake yanakwenda pembeni. Maharage aliyapanga kwa rangi, na ole wako uyavuruge. Ukimuuliza swali, analirudisha vilevile ulivyomuuliza. Mwalimu wake, Kibona, alimchapa kwa utoro. Majirani wakasema amerogwa. Usilolijua ni usiku wa giza. Baba yake mkubwa akakata shauri: mtoto aache shule, avushwe Mto Songwe, apelekwe kwa mganga upande wa Malawi.

Nilimkuta mama mkwe anafunga nguo za Sekela kwenye kitenge, machozi yanamdondoka. Nikamuuliza, "Mama, hivi akikimbia huwa anakwenda wapi?"

Akaacha kufunga. "Mwanangu, hilo hakuna aliyeuliza."

Swali likanikaa kooni kama mwiba wa samaki. Kesho yake nikaenda kukaa karibu na shule, najifanya nachuma mboga. Mvua ikaja, Sekela huyo! Nikamfuata, matope yananivua kandambili. Kumbe hakwenda mbali. Aliingia darasa la zamani, lile la nyasi lililobaki la kuwekea kuni. Alikaa pembeni akijitikisa taratibu, ametulia kabisa, na alikuwa anafundisha! "Mito mikubwa ya nchi yetu..." Sauti ya Mwalimu Kibona yenyewe, hadi kile kikohozi chake. Niling'ata kanga nisicheke.

Nikakaa, sikumgusa. "Wifi, unakimbia nini?"

"Wifi, unakimbia nini," akajibu.

Nikanyamaza. Kunyamaza nako, mwanangu, ni namna ya kuuliza. Mvua ikanyesha weee, kisha akasema mwenyewe, bila kunitazama: "Bati linapiga." Akaziba masikio kwa viganja. "Linapiga humu."

Nilikwenda kwa Mwalimu Kibona nimelowa chapachapa. Alikuwa amesimama mlangoni mwa darasa, chaki mkononi. Ikabidi tupaaze sauti kuushinda mlio wa bati.

"Shikamoo, Mwalimu. Naomba uje umsikie Sekela."

"Marahaba. Huyo ana kiburi, mama! Mbona wenzake wanavumilia?"

"Njoo tu, Mwalimu. Ukirudi utasema unavyotaka."

Akaja, gunia kichwani. Tulisimama nje ya ukuta tukasikiliza somo lake lote, na kikohozi. Mwalimu alicheka, kisha akaacha kucheka. "Kumbe alikuwa ananisikia kuliko wote," akasema polepole. "Nami nimemchapa bure."

Akarudi kuwauliza wanafunzi. Unajua walimjibu nini? "Mwalimu, mvua ikinyesha hata sisi hatukusikii." Walikuwa wanaogopa kusema! Kuni zikatolewa, na kuanzia hapo mvua ikianza darasa zima linahamia kwenye nyasi. Mama mkwe akafungua kile kitenge, akazitundika nguo mahali pake. Baba mkubwa alinuna wiki nzima, halafu akaja mwenyewe na nyasi na kamba, kuziba paa la darasa lile lilipokuwa linavuja.

Sekela alimaliza darasa la saba. Hakuwa wa kwanza, hakuwa wa mwisho. Siku ya kuwaaga, Mwalimu alituomba tusipige vigelegele jina lake likitajwa. Tukapunga kanga hewani, kimya, uwanja mzima rangi tupu, na yeye akacheka kwa sauti. Sijaona shangwe nzuri kama ile.

Neno usonji, jina la hali kama ya Sekela, nililisikia redioni miaka mingi baadaye. Nilifurahi kulijua, ila jina halimalizi kazi. Kitanda usichokilalia hujui kunguni wake; basi muulize anayekilalia. Mtoto akifanya usilolielewa, nyumbani au shuleni, weka fimbo chini, umfuate uone anakwenda wapi. Asipokutazama, usidhani hakusikii. Asipojibu leo, kaa naye. Na ukishajua kinachomuumiza, usimfiche ndani wala usimwonee haya. Sogeza mambo yenu apate nafasi, mshangilie kwa namna inayomfaa yeye. Vidole havilingani, na mkono ni huohuo.

Mungu akupe moyo wa kuuliza na subira ya kungoja jibu. Mtoto wa namna yake asiikose nyumba yako, na akija, akukute unamngoja kwa furaha. Amina, mwanangu.