Kamati ya Kuvuka Bahari

Kabla sijakueleza jinsi watu kumi na mmoja walivyoyapanga mapenzi yangu kwa kupiga kura, ngoja nikueleze kisiwa chenyewe. Si jambo gumu, na hata kama hujawahi kuiona bahari utalielewa.

Pwani ya magharibi ya Korea ina visiwa ambavyo ni visiwa kwa nusu ya siku tu. Maji yakijaa, vimezungukwa. Yakipwa, barabara inatokeza kutoka chini ya bahari, ina matope kidogo na mwani pembeni, nawe unavuka kwa miguu yako. Maji hupwa na kujaa mara mbili kwa siku, na kila siku huchelewa karibu saa nzima kuliko jana. Wakati wa bamvua, mwezi ukiwa mpevu au ukiandama, yanakwenda mbali sana. Wakati wa maji mafu yanajivuta tu, na zipo siku ambazo barabara haifunguki kabisa. Kwa hiyo ukitaka kumpeleka umpendaye huko, anza na jedwali la maji. Wakorea wanalitoa bure, miezi mingi mbele, dakika kwa dakika. Chagua siku ambayo barabara iko wazi mchana, ndipo uombe likizo, ndipo utafute tiketi na basi. Vuka maji yakiwa bado yanapwa, na urudi saa moja kabla hayajafunga. Ni hayo tu. Utaweza.

Mchumba wangu hakuweza.

Alikuwa mtu wa kompyuta, mpole, mwenye akili za kazini. Alizaliwa bara, mbali na maji yoyote yenye chumvi, na hapa Doha aliishi Muaither na Wakenya wenzake watatu. Mimi ni muuguzi. Nimezaliwa Kilifi, na wakati huo nilikuwa napanga chumba Najma pamoja na Mzanzibari mmoja anayefanya usafi hotelini. Kisiwa tulikiona mimi na yeye kwenye tamthilia ya Kikorea tuliyokuwa tukiitazama huku tunakunja nguo. Nilipomsimulia mchumba wangu, akasema, "Nitakupeleka." Likizo zetu sote wawili ziliangukia mwezi mmoja. Neno lile lilinifurahisha kwa siku sita, kisha ikafika Ijumaa.

Ijumaa ndiyo siku yetu ya ibada huku. Tunakwenda Mesaimeer, kwenye makanisa, na tukitoka Wakenya hukusanyika kwenye maegesho, buti za magari zimefunguliwa, chapati na chai vinapita mikononi. Nilikwenda kujimiminia chai. Niliporudi, mchumba wangu alikuwa amewaambia habari ya kisiwa na pete, na kamati ilikuwa imeshaundwa.

Kama wewe si Mkenya, nitakusaidia. Sisi tukiona jambo, jambo lolote, tunachagua mwenyekiti. Arusi, mahafali, mtoto kuota meno. Nami sina haki ya kuicheka desturi hii yote. Mwenzetu mmoja alipofariki huku, watu hawa hawa walishinda kwenye maofisi siku tisa wakifuatilia vibali mpaka mwili wake ukafika kwao. Kwa hilo nawaheshimu mpaka leo. Lakini kamati iliyokwisha kusafirisha maiti hudhani inaweza kusafirisha chochote.

Mwenyekiti alikuwa msimamizi wa ghala, mtu wa makamo mwenye sauti ya kuamrisha malori. Katibu alikuwa dada wa ofisini ambaye vidole vyake havikuwahi kutoka kwenye simu.

"Dada, wewe ni mtu wa Pwani," Mwenyekiti akaniambia. "Tumekupa idara ya bahari."

"Idara ya bahari? Kwani si ni mimi ninayechumbiwa?"

"Hiyo hujui bado," Katibu akasema bila kuinua kichwa. "Kwa programu tumeandika ni sapraizi."

Nikamtazama mchumba wangu. Alikuwa anatabasamu kama mtu aliyebebewa mzigo.

Nikajiambia, waelimishe. Kuelimisha ndiyo kazi yangu, kutwa nzima nawaeleza watu vidonge vyao. Nikamega kipande cha chapati, nikakiweka katikati ya sahani, nikamwaga chai pembeni. Hiki kisiwa, nikasema, hii bahari. Nikaiinamisha sahani, chai ikaondoka upande mmoja. Sasa njia iko wazi. Nikaiinamisha tena, chai ikarudi. Sasa imefungwa. Ijumaa ya likizo yetu barabara itafunguka saa tatu na nusu asubuhi, saa za kule, na kufunga saa saba na nusu mchana. Nikarudia mara ya pili, polepole. Wote wakaitikia kwa vichwa. Mwenyekiti akaokota kisiwa, akakila.

"Vizuri sana," akasema huku anatafuna. "Sasa. Ibada hapa inaisha saa tano. Korea wako mbele yetu masaa sita. Kwa hivyo sisi tukitoka kanisani, kwao ni saa kumi na moja jioni. Skrini tunaweka hapa, tunawaona laivu. Pete ni saa kumi na moja kamili. Anayeunga mkono?"

Mikono kumi na mmoja. Wa kumi na moja ulikuwa wa mchumba wangu.

"Saa kumi na moja hiyo barabara iko chini ya maji," nikasema. "Maji yanakupita kichwa wewe, Mwenyekiti, na mtu mwingine akiwa amesimama mabegani kwako."

"Hiyo tutaiombea."

"Na hawawezi kutufungulia nusu saa tu?" Katibu akauliza. "Si kuna mtu wa kupigiwa?"

Nimewauguza watu waliopandwa na homa wakazungumza na pazia. Walikuwa na hoja kuliko huyu.

Jioni hiyo nilimsimulia mwenzangu wa chumba. Alicheka mpaka akaweka chini pasi. "Mwenzangu, kwetu hata mtoto wa chuo cha Kurani anajua maji yamepwa au yamejaa kwa kunusa. Na hao wamepiga kura! Bahari ilipigiwa kura ngapi?"

Kundi likafunguliwa kwenye simu, na picha yake ilikuwa moyo. Katibu akawa anaweka kumbukumbu za kila kikao. Nilituma jedwali la maji lenye saa zote, na maelezo ya jinsi ya kulisoma. Alama za kidole gumba zikajaa chini yake. Nilijua hakuna aliyelifungua, kwa sababu kesho yake ratiba mpya ilitoka na pete bado ilikuwa saa kumi na moja, kati ya Neno la Ufunguzi na Shukrani kwa Kamati.

Hapo ndipo nilipoona kwamba kwangu halikuwa tena jambo la kisiwa. Nilikuwa naombwa kuishi na mtu huyu miaka yote iliyobaki. Nilitaka kujua kama nikiwa naye nitakuwa na mtu mmoja au kumi na mmoja.

Nikamwomba aje tunywe karak, ile chai nzito ya maziwa na iliki ambayo huku unaletewa hadi dirishani mwa gari. Nikamweleza bila hasira. "Saa nne asubuhi tunavuka, wewe na mimi, simu tunaziacha hotelini. Uliza unachotaka kuuliza, au usiulize. Twende tu."

"Na watu nitawaambia nini?"

"Waambie bahari imekataa."

Akacheka kidogo. Akazungusha kikombe chake cha karatasi. "Nipe siku mbili nifikirie."

Nilimpa. Siku ya pili, kwenye kundi, ikatoka ajenda ya kikao: *Pendekezo kutoka kwa bi arusi mtarajiwa kuhusu kupunguza wahudhuriaji.* Alikuwa ameyapeleka maneno yangu ya garini kwenye kamati ili yajadiliwe. Yalijadiliwa. Yalikataliwa kwa kauli moja, na kauli moja ile ilikuwa na ya kwake ndani. Ili kunipoza, kamati iliamua tufanye mazoezi.

Ndiyo, mazoezi ya kuchumbiwa.

Kaskazini mwa mji, karibu mwendo wa saa moja, kuna mikoko, na kati yake kijisiwa kinachofikika kwa miguu maji yakipwa. Tulikwenda Ijumaa baada ya ibada, magari matatu. Nilikuwa nimewaambia twende asubuhi. Tulifika alasiri, maji yameshaanza kurudi. Maji ya Ghuba hayana makuu kama ya kwetu, yanakuja kimyakimya, na mtu asiyeyajua hudhani yamesimama.

Katibu akagawa ratiba zilizochapishwa. Badala ya pete tulikuwa na kishikizo cha kopo la soda. Mimi nilielekezwa kuweka uso wa mshangao.

"Mshangao zaidi, dada! Kama hujui!"

"Goti la kulia," Mwenyekiti akaamrisha kutoka ukingoni, viatu vyake vikavu. "La kulia, bwana! Hilo ni la kushoto!"

Mchumba wangu akapiga goti la kulia kwenye maji ya kifundo cha mguu. Kila alipomaliza kitendo aliangalia ukingoni. Kijana mmoja wa kamati alihangaika na simu, mara jua liko nyuma, mara uso hauonekani. Maji yakapanda mpaka pajani mwa mtu aliyepiga goti. Suruali yake ikavimba. Kaa mdogo akapita karibu na mkono wake.

"Inuka," nikamwambia kwa sauti ya chini. "Maji yanakuja."

Akageuza shingo. "Mwenyekiti, niinuke?"

"Bado! Kamera haijakupata!"

Akabaki chini.

Nimekutana na watu wengi kazini wanaosubiri ruhusa ya daktari, ya wakili, ya mama. Sikuwahi kumwona mtu akisubiri ruhusa ya kutoka majini. Nilisimama pale, sketi imelowa, nikatazama utosi wa kichwa chake, na upendo wote niliokuwa nao ukapungua bila kelele yoyote, hata nikashangaa kweli, kwa ule uso hasa waliokuwa wakiutaka. Kijana wa kamera akapiga kelele, "Hapo! Hapo hapo! Uliza!"

Akauliza.

"La," nikasema.

"Hapo unasema ndiyo, dada," Katibu akanisahihisha, anaonyesha mstari kwenye karatasi.

"Nimesikia. La."

"Lakini haya ni mazoezi tu!" Mwenyekiti akasema.

"Na mimi nafanya mazoezi."

Wakacheka. Walidhani ni utani wa watu wa Pwani. Tulirudi Doha na chapati zilizobaki, na kwenye kumbukumbu Katibu akaandika kwamba zoezi lilifaulu isipokuwa sauti.

Siku ya tatu, baada ya kazi, mchumba wangu akaja Najma, akasimama nje ya duka lililo chini ya jengo letu. Jua lilikuwa bado kali. "Nimefikiri ulichosema," akaniambia. "Nimejitoa kwenye kundi."

Sitakuficha, moyo uliruka. "Kweli?"

"Kweli. Mwenyekiti amekubali."

"Amekubali?"

"Nilimwandikia barua. Amenipa ruhusa mpaka tusafiri, halafu nitarudi."

Nikamweleza kwa upole wote nilionao, kama ninavyomweleza mgonjwa kwa nini hatakula kabla ya upasuaji. Nilimwambia sitaolewa naye. Nilimwambia yeye si mtu mbaya, na ipo siku atampata mwanamke anayependa mikutano. Nilimwuliza kama ameelewa. Akasema ameelewa. Akatoa simu, akaitazama, akairudisha mfukoni, nami nikajua alitaka kumwuliza nani kinachofuata.

Mwenzangu wa chumba alikuwa akisikiliza dirishani. "Shoga," akasema nilipopanda, "huyo hata siku ya kufa ataomba kibali cha kuzikwa. Wewe likizo unayo?"

"Ninayo."

"Tiketi ina jina la nani?"

"Langu."

"Basi wasubiri nini?"

Nilikwenda peke yangu. Ijumaa ile barabara ilifunguka kama jedwali lilivyosema, nami saa nne na dakika arobaini nilikuwa katikati yake, viatu mkononi bila sababu, kwa kuwa njia ilikuwa imekauka. Kulikuwa na wapenzi wengi, wawili wawili. Nikazunguka kisiwa chote, nikala mahindi ya kuchemsha, nikarudi mapema. Kipaza sauti cha ukingoni kilipoanza kuwahimiza watu warudi, mimi nilikuwa nimeshaketi upande wa bara.

Saa kumi na moja kamili simu ikalia. Kamati haikuwa imevunjwa, kwa sababu kuvunja kamati kunahitaji kikao, na mimi bado nilikuwa idara ya bahari. Katibu aliandika: "Dada, tuko hapa kwa maegesho. Bahari iko aje huko? Mwenyekiti anauliza kama tuwashe skrini."

Nikapiga picha na kuituma. Maji yalikuwa yamefika ukingoni, ya kijivu, mapana. Pale walipopanga pete hapakuonekana hata nguzo za pembeni mwa barabara.

Mwenyekiti akajibu mwenyewe: "Sasa hii itapwa saa ngapi?"

Wiki saba, na hilo lilikuwa swali lao la kwanza la maana. Nikalitafuta lile jedwali, nikaizungushia duara saa aliyoiuliza, nikalituma tena kwenye kundi, na chini yake nikaandika upya, hatua kwa hatua, jinsi ya kulisoma.